Injini inayovuja oili ipimwe kwanza, kushushwa baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye magari, na mafundi wenzangu pia, juu ya jambo linalokula fedha za watu bure. Gari linaacha doa la oili pale linapolala. Mwenyewe analipeleka gereji, fundi anainama na tochi, anainuka na hukumu: "Injini imechoka, tuishushe." Mwingine naye anabadilishiwa sili (mpira wa kuzuia oili) ileile mara 3 ndani ya mwaka mmoja na oili inarudi kutoka palepale. Wa kwanza kafanyiwa kazi kubwa kuliko ugonjwa, wa pili kafanyiwa ndogo kuliko ugonjwa, na wote wawili hawakupimiwa kitu.

Nitatumia mfano wa injini iliyojaa barabarani kwetu, 1NZ-FE ya Toyota, ile ya cc 1,496 iliyomo kwenye IST, Raum, Probox, Premio na Allion za cc 1,500. Ina silinda 4, valvu 16 na cheni ya taimingi, na hujazwa lita 3.7 za oili ikibadilishwa pamoja na filta. Mengi nitakayosema yanafaa hata kwa injini nyingine za petroli za ukubwa huo.

Kwanza ijulikane oili inatoka wapi. Oili hushuka kwa uzito wake, na gari likiwa kwenye mwendo upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tone linalodondoka chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) halisemi kwamba sampu ndiyo inayovuja. Gasketi ya kava ya tapeti (kifuniko cha juu cha injini) ikipasuka kwa nyuma, oili hutelemka mgongoni mwa injini, hufika pale injini inapoungana na giaboksi, na fundi mwenye haraka husema sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) imekufa. Giaboksi linashushwa kwa gasketi ambayo ingebadilishwa kwa spana namba 10 kabla ya saa sita mchana.

Osha injini. Funika altaneta, koili za plagi na njia ya hewa kwa mifuko ya nailoni, paka dawa ya kuyeyusha grisi, suuza bila presha kali, kisha ikauke kabisa. Nyunyiza poda ya watoto kwenye maungio unayoyashuku, washa injini ipate moto, endesha kilomita 15 hadi 20, kisha inua gari uangalie. Oili itakuwa imechora njia yake kwenye poda. Fuata alama hiyo mpaka sehemu iliyo juu kabisa na mbele kabisa. Hapo ndipo inapotokea, huko chini ni njia tu. Angalia pia rangi: nyekundu ni ya giaboksi la otomatiki au ya usukani, si ya injini. Kwenye 1NZ-FE anza na kava ya tapeti, visima vya plagi, oringi (mpira wa duara) ya valvu ya oili ya VVT-i (mfumo wa kubadili wakati wa valvu kufunguka) iliyo kwenye hedi (kichwa cha injini) upande wa cheni, swichi ya presha ya oili, filta, sili ya mbele ya krenki, na ungio la kava ya cheni, ambalo halina gasketi bali limezibwa kwa silikoni. Ungio la sampu nalo limezibwa kwa silikoni.

Swali la pili hulisikii gereji nyingi: ni nini kinachoisukuma oili itoke? Sili na gasketi zimetengenezwa kuzuia oili, hazikutengenezwa kuzuia presha. Kila pistoni inapopiga, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi (pete za pistoni) na kuingia tumboni mwa injini. Gesi hiyo hutolewa na valvu ya PCV, kidude kidogo kilichopo kwenye kava ya tapeti, kinachoirudisha kwenye njia ya hewa ikaungue. PCV ikiziba kwa masizi, gesi inakosa mlango. Itatafuta sehemu dhaifu, na sehemu dhaifu ni midomo ya sili. Weka sili mpya ya bei yoyote, ndani ya wiki chache itavuja.

Kupima hakuhitaji mashine. Injini ikiwa na moto, iache sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), fungua kifuniko cha kujazia oili, weka karatasi nyepesi juu ya tundu. Ikivutwa kidogo au ikitulia, vema. Ikirushwa, na moshi ukatoka kwa mapigo kama pumzi ya mtu aliyepanda mlima, kuna presha ndani. Fungua PCV uitikise: nzima hulia tik-tik, na hupitisha hewa upande mmoja tu. Iliyoziba, weka mpya, safisha na mpira wake, kisha rudia karatasi. Presha ikiisha, umeshapata sababu ya kuvuja na hujagusa hata boliti moja ya hedi. Presha ikibaki ilhali PCV ni mpya na njia ziko wazi, basi gesi inayopita kwenye ringi ni nyingi kuliko kiasi. Hapo ndipo injini yenyewe inapaswa kupimwa.

Kipimo cha kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni ndani ya silinda, kifanywe injini ikiwa na moto, na betri iwe na chaji kamili, maana stata ikizunguka kivivu silinda zote zitasoma chini na injini nzima itahukumiwa kwa kosa la betri. Toa plagi zote 4, chomoa soketi za koili na za noziri (vinyunyizi vya petroli) ili petroli isimwagike na kuosha kuta za silinda. Hakikisha kipepeo cha hewa kimefunguka chote, funga geji kwenye tundu la plagi, zungusha kwa stata mipigo 5 hadi 7 mpaka sindano isipande tena. Andika namba za silinda zote kwenye karatasi. 1NZ-FE nzima husoma karibu psi (kipimo cha presha) 210, ikishuka chini ya psi 155 imepita mpaka, na silinda moja isipishane na nyingine kwa zaidi ya psi 15 hivi.

Namba hizo zisomwe kwa pamoja. Ukipata 205, 200, 196 na 203, ringi za kompresheni na valvu ni nzima, na kuvuja kwa nje ni kazi ya gasketi na sili. Ukipata 195, 110, 115 na 198, silinda mbili zinazopakana zimeanguka pamoja, na mara nyingi gasketi ya hedi imeungua katikati yake. Silinda moja ikianguka peke yake, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu lake, pima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba mahali ringi zilipolegea, ubovu uko chini. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi. Zote 4 zikiwa 140 na chini, na zote zikapanda kwa oili, hiyo ni injini iliyochakaa sawasawa, na hakuna sili itakayoiponya.

Mwenye kompresa afanye na kipimo cha kuvujisha hewa. Kila pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefunga, ingiza hewa kupitia tundu la plagi, usikilize inapotokea. Ikisikika kwenye tundu la oili, ni ringi. Kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingiza. Kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi, au hedi yenyewe imepasuka. Hewa inayopotea ikiwa chini ya asilimia 10 ni nzuri, ikipita 20 hadi 25 hapo pana kazi. Krenki ishikiliwe vizuri, kwa sababu hewa inaweza kuizungusha na spana ikakuvunja mkono.

Kuna mtego hapa ambao hata mafundi wazuri huingia. Kompresheni nzuri haithibitishi kwamba ringi ya oili ni nzima. Ringi mbili za juu huzuia gesi, ya tatu hupangusa oili. Hii ya tatu ina matundu nyuma yake kwenye pistoni ya kurudisha oili chini, nayo yakijaa masizi kwa sababu oili ilikaa muda mrefu bila kubadilishwa, oili hubaki ukutani na kuungua. Injini inasoma psi 195 na bado inakunywa oili. Kwa hiyo pima unywaji pia, ila ukipima huku injini inavuja hutajua kiasi gani kimeungua na kiasi gani kimemwagika. Ndiyo maana, kompresheni ikiwa nzuri, napenda zibwe kwanza zile sehemu rahisi za nje, ndipo ijazwe oili mpaka alama ya juu, gari likiwa mahali tambarare na limezimwa dakika 5. Iendeshwe kilomita 1,000, kisha ipimwe imeongezwa kiasi gani kurudi alama ileile. Robo lita au nusu lita kwa injini iliyokwisha tembea sana haihalalishi kuishusha. Lita 1 au zaidi, injini ikiwa haivuji nje, ina maana oili inaungua na lazima ijulikane inapitia wapi.

Moshi wa buluu husaidia kutofautisha. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukapotea, au ukitoka unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mlima mrefu, tazama sili za valvu. Ukiongezeka kila unapokanyaga gari likiwa na mzigo, tazama ringi. Sili za valvu ziko 16, na fundi mwenye utulivu huzibadilisha bila kufungua hedi: hujaza hewa kwenye silinda valvu isidondoke, au huingiza kamba laini kupitia tundu la plagi na kupandisha pistoni iibane. Kazi hiyo ni ya kuchosha macho, lakini ni nafuu mbali sana kuliko kushusha injini.

Chini ya injini kunapimwa kwa presha ya oili. Toa swichi ya presha, funga geji mahali pake, injini ipate moto kamili. Kanuni ya zamani ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika bado inafaa: kwenye 3,000 tarajia psi 30 kwenda juu. Ikiwa chini ya hapo na oili ni ya unene sahihi, beringi za krenki zimepanuka au pampu ya oili imelika. Kisha fungua filta ya zamani uone ilichokamata. Usiikate kwa msumeno wa chuma, maana vumbi la msumeno litachanganyika na ushahidi. Tumia kikata filta au mkasi wa bati. Kunjua karatasi yake, kamua, pitisha sumaku. Chembe zinazonaswa ni chuma cha cheni, kamshafti au krenki. Zinazong'aa na hazinaswi ni alumini au ngozi ya juu ya beringi. Ukiona rangi ya shaba, beringi imelika mpaka tabaka la ndani, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka sampu ifunguliwe.

Sasa uamuzi. Karatasi yako ikionyesha kompresheni nzuri, presha nzuri na filta safi, fanya kazi ya nje na uishie hapo. Badilisha gasketi ya kava ya tapeti pamoja na sili za visima vya plagi, PCV, oringi ya VVT-i, na sili ya mbele kama imelowa. Gasketi ya tapeti iwekwe kavu, silikoni ni tone dogo tu pale kava ya cheni inapokutana na hedi, pande mbili. Boliti zake zinataka Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 hivi. Anayezikaza mpaka spana ilie hupinda kava, na kava iliyopinda itavuja milele. Sili ya mbele hutolewa kwa kufungua puli tu. Kabla ya kupachika mpya, pitisha ukucha pale puli inapogusana na sili. Ukihisi mfereji, sili ya zamani imekula chuma, na mpya ikikaa palepale haitaziba. Ipachike ikipishana na ya zamani kwa milimita 1 hivi ili mdomo wake ukae kwenye chuma kizima, na mdomo huo upakwe grisi.

Kava ya cheni ni kazi kubwa zaidi. Ikiwa ina unyevunyevu tu, iache. Hesabu hii ni rahisi: matone 20 ni karibu mililita 1. Tone moja kila dakika 10 kwa usiku wa saa 10 ni matone 60, yaani mililita 3, kwa mwezi haifiki mililita 100. Injini ikifanya kazi hutoka zaidi ya hivyo, lakini kijiti cha kupimia oili kikiangaliwa kila wiki hakuna hatari. Kuna kuvuja kusikovumiliwa hata kukiwa kidogo: kunakodondokea ekzosi, kwa sababu ni moto; kunakoingia kwenye altaneta au klachi; kunakolowesha mpira wa mauntingi (unaoshikilia injini). Na kwa injini za mkanda wa taimingi kama 5A-FE na 3S-FE, oili ikifika kwenye mkanda, kinabadilishwa kinachovuja na mkanda pamoja. Siku kava ya cheni inapofunguliwa, angalia tenshena (kikaza cheni) na reli zake, weka na sili ya mbele. Na giaboksi likishushwa kwa ajili ya klachi, sili ya nyuma ya krenki iwekwe siku hiyohiyo, hata kama haivuji.

Hedi ifunguliwe kama kipimo kimeelekeza huko: gasketi imeungua, valvu zinavujisha, maji yamechanganyika na oili ikawa rangi ya chai ya maziwa. Pima unyoofu wa hedi kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu na kwa mshazari. Uso unaolalia bloku (mwili wa injini) ukizidi milimita 0.05, iende ikasawazishwe. Matundu ya boliti yakaushwe kwa hewa, kwani oili iliyotuama humo huidanganya spana, hata kupasua bloku. Boliti za hedi zikazwe kwa mpangilio kutoka katikati, Nm 29, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Anayekaza kwa kukisia na bomba refu anatengeneza kuvuja kwa mwezi ujao. Na kama ringi zimechoka, kutengeneza hedi peke yake mara nyingi huongeza unywaji wa oili, kwa sababu valvu zikibana vizuri mvuto kwenye silinda huwa mkali zaidi.

Ringi na beringi zibadilishwe pale tu silinda zinapokubali. Sukuma ringi mpya ndani ya silinda kwa kutumia pistoni ili ilale sawa, pima mwanya wa ncha zake: kwa silinda ya milimita 75 ringi ya juu iwe kati ya 0.2 na 0.35. Ipime juu, katikati na chini. Mwanya ukibadilika sana, silinda imelika kama faneli, na ringi mpya humo ni fedha iliyotupwa. Bloku ya 1NZ-FE ni ya alumini yenye silivu (ganda la ndani ya silinda) nyembamba za chuma, kwa hiyo kuichonga si uamuzi wa kukimbilia. Silinda zikiwa nzuri, zikwaruzwe kwa jiwe la kuhoni mpaka mng'ao uishe, zioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli peke yake haitoi unga wa jiwe, na unga huo humaliza ringi mpya kabla hazijakaa.

Silinda zikishindwa, fikiria injini ya mtumba. Huko nako usinunue kwa sauti ya muuzaji. Iwe Gerezani hapa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi, omba kompresheni ipimwe kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha oili uone kama kuna tope jeusi, na ikiwa bado iko nje weka sili za mbele na nyuma, gasketi ya tapeti, PCV, wota pampu na thamostati, kwa sababu hutazifikia tena kwa urahisi huo. Namba mpya ya injini ipelekwe kwenye usajili wa gari, la sivyo utahangaika siku ya kuuza.

Juu ya dawa za chupa za kuzuia kuvuja: hulainisha na kuvimbisha mpira uliokakamaa, zikasaidia kwa muda, kisha mpira huoza. Oili nzito nayo hupunguza matone, haiondoi presha wala haizibi gasketi iliyopasuka, na VVT-i hutegemea oili yenye wepesi uliopangwa. Silikoni nayo iwekwe kamba ya milimita 3, kwenye nyuso zilizofutwa oili zikakauka, na oili isijazwe mpaka zipite saa 2. Inayobandikwa kama ugali hujibana kuelekea ndani, hukatika, huenda kuziba chujio la pampu, na gari lililokuja kwa doa la oili linaondoka na krenki iliyoshika.

Mwenye gari, dai karatasi kabla ya kuruhusu hedi ifunguliwe: kompresheni ya silinda 4, presha ya oili injini ikiwa na moto, na mahali hasa oili inapotokea. Gereji isiyo na geji hizo mbili na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) haipaswi kukwambia injini yako imekufa. Kazi ikiisha, osha injini tena, endesha kilomita 20, ikaguliwe ikiwa juu, na irudiwe ikifika kilomita 500. Kama ringi zimebadilishwa, oili ya kwanza na filta vimwagwe kwenye kilomita 1,000, na filta hiyo nayo ikunjuliwe ionwe.

Fundi wa injini,
Ilala, Dar es Salaam